Somo: Wale Waliobaki na Vyombo

Tusome kwanza: 1 Samweli 30:1-25, kisha Yeremia 32:6-15

 

Mara nyingi tumeombwa tuandike somo la kuwasaidia watu waliopoteza vyote, ili wajue namna ya kusimama tena. Tumekawia kuliandika kwa kuwa tuliogopa maneno mepesi. Ni rahisi kumwambia mtu, "Jipe moyo, Mungu yupo," kisha wewe ukarudi kwako kula bugali na ndagala, naye ukamwacha amekaa juu ya jiwe pale palipokuwa nyumba yake. Tena somo hili linatugusa sisi wenyewe tunaoandika, maana ndani yake mna kosa letu, nasi hatukupenda kulitoa hadharani. Wazee wetu walituambia kwamba kosa likifichwa halimfundishi mtu. Basi tusome.

MJI ULIOCHOMWA

Daudi wakati ule hakuwa mfalme bado. Alikuwa mkimbizi. Alimkimbia Sauli, akaenda kukaa kwa Wafilisti, yaani kwa adui wa watu wake, na mkubwa wa kule akampa mji mdogo wa Siklagi akae humo na watu wake 600 pamoja na jamaa zao. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Vita vilipofika Uvira mwezi wa Oktoba 1996, wengi wetu tulivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma. Tukapewa hema na kipande cha udongo Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule, au baadaye Lugufu, ambayo ilifungwa 2009. Tunajua maana ya kushukuru kwa mahali ambapo si pako.

Siku moja watu wa Daudi wakarudi kutoka safari ya siku tatu. Wakakuta mji ni majivu, na wake zao, wana wao na binti zao wamechukuliwa na Waamaleki. Maandiko yanasema watu wale wa vita, pamoja na Daudi, walilia mpaka wakaishiwa nguvu.

Tusipite mbio hapo. Wako wahubiri katika mji huu wanaomkataza mjane kulia, wakimwambia kwamba machozi ni upungufu wa imani. Daudi alilia mbele ya watu wake wote, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, wala Mungu hakumkemea. Wako pia wanaume wanaoona haya kulia, basi machozi yao wanayapeleka kwenye kasiksi na kanyanga, na nyumba inayobaki nayo inaanguka. Kanisa letu limekataza pombe. Lakini tukimkataza mtu pombe bila kumpa mahali pa kulia, tumemfanyia nusu ya kazi.

USIKU WA MULONGWE

Kwetu sisi yalikuwa maji. Mwaka 2020 makanisa yote ya nchi yalikuwa yamefungwa tangu Machi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Hata sikukuu yetu ya 6 Aprili, siku ambayo Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Bwana kule Nkamba mwaka 1921, tuliipitisha kila mtu nyumbani mwake, bila fanfare, bila maandamano. Siku kumi baadaye, usiku wa Alhamisi tarehe 16 kuamkia Ijumaa tarehe 17, mvua kubwa ikanyesha milimani.

Mnajua mji wetu ulivyo. Milima ya Mitumba iko upande huu, ziwa liko upande ule, nasi tumebanwa katikati katika kipande chembamba. Mito yetu ni mifupi, inashuka kwa ukali. Mulongwe, ambao wakati wa kiangazi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti, uliacha njia yake, ukaleta tope, magogo na mawe makubwa kuliko mbuzi. Mito mingine ya mji nayo ikajaa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Maelfu ya nyumba yalibomoka au kujaa tope, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila mahali pa kulaza kichwa. Mitambo ya Regideso inayochota maji ya Mulongwe ikaharibika, hata mji uliozamishwa na maji ukakosa maji ya kunywa.

Kulipopambazuka, watu walitembea katika tope wakiita majina. Hatutaandika zaidi juu ya asubuhi ile.

MAWE MIKONONI

Watu wa Siklagi walipomaliza kulia walitafuta mtu wa kupiga. Wakasema wampige Daudi kwa mawe. Andiko linatoa sababu: roho zao zilikuwa na uchungu, kila mtu kwa ajili ya watoto wake. Uchungu unatafuta mahali pa kwenda, na jiwe liko karibu siku zote.

Hapa Uvira nasi tuliokota mawe. Wengine walisema ni watu wa kabila fulani waliotuletea laana. Wengine wakamnyoshea kidole koko mmoja aliyekaa peke yake, wakisema yeye ndiye aliyeita mvua. Wengine wakasema Mungu amewaadhibu wenye kujenga kando ya mto, kana kwamba watoto waliokufa usingizini ndio walionunua viwanja. Maneno hayo yalisemwa hata na watu wetu wanaosali, tuliyasikia kwa masikio yetu.

Papa Simon Kimbangu, mwezi wa Septemba 1921, alijitoa mwenyewe mikononi mwa askari, wala hakutaka watu wake wapigane kwa ajili yake. Tumefundishwa hivyo tangu utoto, nasi tunajivuna kwamba hatushiki panga. Lakini kumwita koko mchawi ni kutupa jiwe. Kuchora kabila zima kwa mkaa mmoja ni kutupa jiwe.

Tukitaka kusema kweli juu ya mafuriko yale, tuseme hivi: milima yetu imenyolewa miti kwa ajili ya makaa na mashamba. Na watu waliokimbia vita vijijini wamejenga mpaka ndani ya njia ya mto, kwa sababu hawakupata kiwanja kingine. Nalo ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, basi mvua zikizidi miaka kadhaa linapanda juu ya ufuko, kama lilivyopanda miaka ya 1960 na tena tangu 2020. Ukimtafuta mwenye kosa utakuta vita, utakuta umaskini, na utatukuta sisi wenyewe tumeshika shoka. Hao wote utawapigaje mawe?

Daudi hakujibizana nao. Alijitia nguvu katika Mungu wake, kisha akamwita kuhani Abiathari, akauliza swali moja: niende au nisiende? Hakuuliza kwa nini mji umechomwa. Hatusemi ni dhambi kuuliza kwa nini. Ayubu aliuliza sana. Ila siku ile Daudi alihitaji kujua mguu uelekee wapi.

Njiani wakamkuta kijana Mmisri ameanguka shambani, siku tatu hajala wala kunywa. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, mtu wa upande wa adui, bwana wake amemtupa kwa kuwa aliugua. Wakampa mkate, maji, tini na zabibu, ndipo akawaonyesha njia. Nasi tulikuwa na kijana wetu. Alikuwa wa kabila ambalo wengine wetu tulizoea kulisema vibaya, akaja kuchimba tope pamoja nasi bila kuitwa. Huyo ndiye aliyetuonyesha, kama alivyosikia kwa koko wake, mahali ambapo mto ulipita zamani kabla watu hawajajenga. Tulikuwa tumekwisha kupanga mawe ya msingi papo hapo.

KIJITO CHA BESORI

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Watu 600 walitoka. Walipofika kijito cha Besori, 200 walishindwa. Hawakuwa waoga, wala hawakuwa wavivu. Maandiko yanasema walichoka kabisa. Walikuwa wamelia kama wenzao, wametembea kama wenzao, na watoto wao walikuwa wametekwa kama watoto wa wenzao. Miguu ilikataa. Wakabaki kando ya maji kuangalia vyombo. Wale 400 wakaendelea, wakashinda, wakarudi na watu wote na mali nyingi. Ndipo baadhi ya wale walioshinda wakasema: hawa hawakwenda nasi, wapewe wake zao na watoto wao tu, waende zao.

Wapendwa, maneno hayo tuliyasema sisi.

Ilikuwa hivi. Katika parokia moja hapa kando ya ziwa tuliunda kamati ndogo ya watu saba, nasi tunaoandika tulikuwamo. Kwa nsinsani, kama ilivyo desturi yetu, waamini walichanga franka, maharagwe, nguo na mabati. Mabati yalikuwa machache kuliko nyumba zilizoanguka. Tukakaa usiku kutafuta kanuni, tukapata hii: anayekuja kwenye salongo siku tatu kwa juma, kubeba mawe na kupiga matofali, jina lake litaandikwa, asiyekuja halitaandikwa. Tuliiona ni kanuni ya haki. Je, nguzo tatu za Kanisa letu si Upendo, Amri na Kazi? Ndugu mmoja akataja neno la Paulo kwa Wathesalonike juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Wote tukaitikia.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Usiku ule alizikiwa watoto wawili, na wa tatu hakuonekana kamwe. Dada yake alimchukua kwake katika chumba kimoja. Alikaa ameelekea ukuta. Juma la kwanza hakuja kwenye salongo, la pili hakuja. Juma la tatu tulichukua kalamu, tukapiga mstari juu ya jina lake. Hakuwa peke yake. Alikuwako papa mmoja mzee, mvuvi, ambaye mtumbwi wake ulivunjika vipande. Yeye alishinda ufukoni akitazama maji. Naye tukampiga mstari.

Jioni ya kugawa mabati akaja mtoto wa kike wa miaka kama kumi. Akasimama mlangoni, akasema, "Papa, mama mkubwa amenituma niulize kama jina lake liko."

Tukamjibu kwamba haliko. Tukamweleza kwa upole, kama tulivyodhani, kwamba mabati ni ya wale wanaofanya kazi.

Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Lakini mama yangu akija hapa kubeba mawe, mama mkubwa ndiye anayekaa na wadogo zangu. Halali, anawaangalia tu."

Hapakuwa na mtu aliyesema neno. Mchungaji aliyekuwa pamoja nasi akafungua Biblia, akasoma sura hii ya 30, akafika pale ambapo Daudi anaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo litakuwa sawasawa. Tena andiko linaongeza kwamba Daudi alilifanya kuwa sheria tangu siku ile na kuendelea. Akafunga kitabu, akatutazama, wala hakutuhubiri.

Lakini mabati yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana kutubu kwa mdomo hakuezeki nyumba. Ilitubidi kutoka kwenda nyumba kwa nyumba kuomba bati moja moja kwa watu tuliowapa sisi wenyewe siku mbili nyuma. Wengine walitoa mara moja. Wengine walikuwa wamekwisha kupiga misumari, wakatuonyesha dari yao, nasi tukaondoka. Papa mmoja alitukasirikia sana. Alisema amebeba mawe majuma matatu, mgongo unamuuma, na leo anyang'anywe bati kwa ajili ya mtu anayelala? Hakurudi kusali nasi mpaka leo. Hatumlaumu. Kanuni tuliiweka sisi, yeye aliitii, kisha tukaibadilisha jina lake likiwa juu ya orodha. Tukimkuta sokoni tunamsalimu, naye anaitika.

Tulipata mabati kumi na moja. Yalitosha chumba kimoja cha mama yule na kibaraza kifupi. Papa mvuvi alikataa bati, akaomba ubao wa kutengeneza mtumbwi.

Kuna wenye kutuuliza: mkigawa sawasawa, watu hawatazoea kukaa bure? Ni swali la haki, wala hatutaki kulikwepa. Yuko mtu asiyetaka kufanya kazi, na Paulo alimsema. Ila mvivu na aliyechoka hawafanani, na kuwatofautisha kunataka mtu aende nyumbani kwao, akae nao chini, aone. Sisi hatukwenda. Tulitazama daftari. Katika majuma yale matatu, hakuna hata mmoja wetu saba aliyevuka kizingiti cha mama yule.

MAMA MUILU

Kanisa letu lingepaswa kulijua jambo hili kuliko wote. Tukumbuke historia. Mwezi wa Oktoba 1921 Papa Simon Kimbangu alihukumiwa Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, apigwe viboko 120 na kuuawa. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini wakahamishwa kwa nguvu kutoka Bas-Congo mpaka mikoa ya mbali, wengine mpaka Lowa kando ya mto Lualaba. Kanisa letu huhesabu jamaa 37,000 waliopelekwa uhamishoni. Kule walilima, walijenga, walisali kwa siri, na serikali ikajikuta imelipanda Kanisa mahali ambapo lilikuwa halijafika.

Hao tunawasifu sana, na ni haki. Lakini nani alibaki na vyombo? Mama Muilu Marie, mke wake, ambaye hakupelekwa mbali. Alibaki nyumbani na watoto, anatazamwa na wenye serikali, watu wanakuja kwake usiku kuomba ushauri, naye anawatia moyo na kuwarudisha kabla ya mapambazuko. Hakubeba jiwe la hekalu la Nkamba, maana hekalu lile lilikuja baadaye, likakamilika 1981. Alikaa. Miaka 38 alikaa. Akafa tarehe 27 Aprili 1959, na Kanisa likakubaliwa na serikali tarehe 24 Desemba mwaka huo huo. Miezi minane! Mwaka 1960, mwezi wa Aprili, mwili wa Papa ukaletwa Nkamba, naye Mama hakuwako kuupokea.

Kama kamati yetu ya watu saba ingelikuwako siku zile na daftari lake, ingemwandika Mama Muilu katika orodha gani?

MAMBO YASIYORUDI

Hapa tunafika penye ugumu wa andiko. Siklagi walirudishiwa vyote, mdogo kwa mkubwa, mwana na binti, hakuna kilichopotea. Uvira hatukurudishiwa vyote. Mama tuliyemtaja hakurudishiwa mtoto hata mmoja. Tukisoma sura hii mbele yake kana kwamba Mungu huwarudishia wenye imani kila kitu, tutakuwa tunamwambia kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Tusifanye hivyo. Papa Simon Kimbangu hakutoka gerezani akiwa hai, na hakuna mtu wa Kanisa letu atakayesema alipungukiwa imani.

Andiko halikuahidi kwamba kila mji utarudishiwa watu wake. Lakini sheria ya mafungu sawasawa liliiandika iwe ya kudumu.

Tena Daudi hakukaa Siklagi. Ukisoma mwanzo wa 2 Samweli 2 utaona alimwuliza Mungu, akahamia Hebroni na jamaa zake zote. Baada ya mafuriko, jamaa nyingi zilitakiwa kuhamia Kigongo, kusini mwa mji. Wengine walikubali, wengine walirudi Mulongwe wakisema Kigongo ni mbali na soko na ziwa. Hatuwezi kumwamulia mtu. Lakini tunawaomba, kwa ajili ya watoto, msirudishe kitanda ndani ya njia ya mto. Na popote mtakapojenga, chimbeni choo kabla ya kuezeka sebule, na maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa. Wataalamu wa afya walihesabu wagonjwa wa kipindupindu hapa Uvira tangu 2009 mpaka 2014, wakaona kwamba siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa ilifuatwa na siku 12 ambazo wagonjwa walifika mara mbili na nusu ya kawaida. Basi mkiona bomba limekauka, msingoje kusikia tangazo.

SHAMBA LA ANATHOTHI

Tangu Desemba 2025, vita vilipoingia tena mjini na maelfu ya watu kuvuka mpaka kwenda Burundi, tumesikia neno moja kila mahali: tujenge kwa nini, na kesho tutakimbia tena? Tulisikia hivyo 1996, tukasikia 1998. Waliorudi kutoka Tanzania kwa meli kuanzia 2005 walikuta watu wengine katika viwanja vyao, nao walisema hivyo hivyo.

Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji, na yeye mwenyewe yuko kifungoni. Kwa macho ya mfanyabiashara ni upumbavu. Alipima fedha mbele ya mashahidi, akatia muhuri, kisha akaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hakusema vita vimekwisha. Alijua mji utaanguka, naye ndiye aliyetabiri hivyo. Alinunua kwa ajili ya watu watakaorudi, ambao wengine walikuwa hawajazaliwa.

Angalieni jinsi alivyotunza karatasi. Ninyi mnaokimbia, karatasi za kiwanja, za ubatizo na za shule za watoto zifungeni katika mfuko wa nailoni usioingia maji, mvae mwilini. Na kama mnaweza, mwacheni mtu mnayemwamini ajue mipaka ya kiwanja chenu. Huyo naye anabaki na vyombo.

Mama yule alikuja kwenye salongo mwezi wa Agosti 2020, makanisa yalipofunguliwa. Hakuna aliyemwita. Alikaa penye lundo la mchanga, akachukua chekecheke, akaanza kuchekecha bila kusema na mtu. Mchana mama wengine wakamletea sombe na bugali, akala kidogo. Siku iliyofuata hakuja. Juma lililofuata akaja siku mbili. Daftari la mahudhurio tulikuwa tumeliacha.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Katika karteri yenu ni nani ambaye hajaonekana kanisani tangu msiba wake? Ni nani kati yenu amekwenda kwake, na alikuta nini?

2. Baada ya mafuriko au vita, ni jiwe gani ulilolitupa kwa mdomo? Je, yule uliyemtupia yuko hai, unaweza kumfikia?

3. Kama kikundi chenu kina likelemba au sanduku la msaada, someni kanuni zake kwa sauti. Aliyebaki na vyombo anapata fungu gani ndani yake?